Kumlisha mgonjwa wa kemo nyumbani: mwongozo kamili, siku kwa siku

Swali la wanaomuuguza mtu wa kemo, yaani dawa za kansa, ni lile lile kila mara. "Mgonjwa wangu ametoka kemo hali kitu, nimempikia matooke na nyama ameangalia tu akageukia ukutani, nifanye nini?" Ukiuliza amekuwa akipewa nini tangu juzi unaambiwa ni chakula kile kile, asubuhi mchana na jioni, siku ya kwanza mpaka siku ya ishirini.

Hapo ndo wengi wanakwama. Mtu wa kemo mwili wake haubaki vile vile kati ya dozi na dozi: siku ya 2 shida ni kichefuchefu, siku ya 8 ni mdomo, siku ya 10 ni hatari ya maambukizi, alafu siku ya 17 ana njaa ya kweli na nyinyi bado mnamletea uji mwepesi kwa sababu eti ni mgonjwa. Kwa hiyo usitafute "chakula cha mtu wa kansa". Fuata kalenda ya dawa.

Nimepanga kwa mzunguko wa siku 21 manake dozi nyingi zinaenda hivo. Kama wako anachomwa kila wiki mbili au anameza vidonge kila siku, muulize daktari chembe nyeupe za damu yake hushuka zaidi siku gani, upange upya. Na mwenye kisukari, figo mbovu au anayelishwa kwa mpira afuate maelekezo ya hospitali yake, sio haya.

## Vitu vya kutafuta kabla ya sindano

Nunua mapema, siku ya pili hautapata nafasi ya kwenda sokoni.

- Daftari au kalenda, na kalamu nyekundu.
- Kipimajoto cha dijitali. Hiki usikiruke hata kama pesa imebana.
- Flaski mbili, ya uji na ya maji yaliyochemshwa. Wengi wanaotoka mbali hupanga chumba karibu na Mulago, Kampala, ili wasihangaike na safari za Uganda Cancer Institute, hospitali ya kansa iliyoko hapo, na chumba cha kupanga hakina friji.
- Vikombe vidogo, na kijiko cha plastiki au cha mbao.
- Chumvi na bekingi soda. Sio bekingi pauda ya keki, na sio magadi ya sokoni. Soma paketi.
- ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, wa kurudisha maji mwilini) pakiti kadhaa.
- Unga wa wimbi, mchele, viazi, malenge.
- Vya kuongezea nguvu: mayai, maziwa ya unga, samli, avokado, binyebwa (karanga za kusagwa), simsim (ufuta), mukene (dagaa) waliokaushwa na kusagwa.
- Dawa za kuzuia kutapika alizoandikiwa. Hakikisha zimenunuliwa zote, maana watu huruka hizi wakidhani ni za hiari.

Kuhusu binyebwa nataka tukae kidogo. Nunua karanga nzima, mwaga kwenye ungo, chambua kwa mkono, tupa zilizokunjamana, zilizobadilika rangi na zenye ukungu, ndo ukaange ukasagishe. Ile iliyosagwa tayari kwenye beseni sokoni hauwezi jua ilikuwaje kabla ya mashine. Karanga za ukungu zinabeba sumu inaitwa aflatoksini, haitoki kwa kuchemsha, na inapiga ini, lile lile linalohangaika na dawa. Kama hauna muda wa kuchambua bora utumie mayai.

## Hatua ya 1: Chora kalenda na upime kilo

Siku ya sindano iandike siku ya 1. Zungushia nyekundu siku ya 7 mpaka ya 14, hapo chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, huwa chini kwa dozi nyingi.

Alafu pima kilo, mzani ule ule, asubuhi kabla ya chai, mara moja kwa wiki. Sababu ni hii: dozi nyingi za kemo hupigiwa hesabu kwa kilo na urefu wa mtu, na mwili ukidhoofika sana daktari analazimika kupunguza au kuahirisha. Watu wanasema "kukonda ni kawaida ya kansa" wanaendelea na mambo yao. Hapana. Kinachoondoka pale sio mafuta tu, ni misuli, na mtu asiye na misuli kemo inamwangusha vibaya.

Wataalamu wa lishe ya kansa wanataka protini gramu 1 mpaka 1.5 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtu wa kilo 50 ni gramu 50 mpaka 75. Yai moja lina gramu 6 hivi, kikombe cha maziwa 8, vijiko vikubwa viwili vya binyebwa kama 7. Sasa chukua sahani iliyojaa matooke na mchuzi wa nyama ambao nyama yenyewe wamekula watoto, hesabu, uone umefika wapi.

Umefaulu kama: kilo hazishuki kutoka dozi moja hadi nyingine. Kupanda sio lazima. Ila kwa mtu wa kilo 50, kushuka kilo 2 na nusu ndani ya mwezi ni jambo la kwenda kusema kliniki, usisubiri ziwe 8.

## Hatua ya 2: Jifunze uji mmoja mzito

Huu ndo utakubeba siku mbaya zote, kwa hiyo upike mara moja mbili kabla mgonjwa hajauhitaji.

Koroga vijiko vikubwa 3 vya unga wa wimbi kwenye maji baridi kidogo, mimina kwenye vikombe 2 vya maji yanayochemka, acha ichemke kama dakika 15 ukikoroga. Weka vijiko vikubwa 2 vya maziwa ya unga na kijiko kikubwa cha binyebwa au simsim. Piga yai moja pembeni, limimine polepole huku unakoroga kwa nguvu lisigande mabonge, na uache ichemke dakika 5 zaidi mpaka yai liive kabisa. Malizia na kijiko cha chai cha samli na sukari kiasi anachopenda.

Utaona ni mzito na mgonjwa atalalamika. Watu wengi hapo wanaongeza maji, na ndo kosa lenyewe, unamjaza tumbo maji alafu anasema ameshiba. Tumia kimea. Kabla haujaweka maziwa na yai, epua uji, subiri utulie kidogo, weka kijiko cha chai cha unga wa wimbi ulioota, koroga, baada ya dakika chache utalegea wenyewe bila tone la maji. Kisha rudisha jikoni uchemke tena vizuri, manake unga wa kimea hubeba vijidudu.

Na sukari? Utasikia "sukari inalisha kansa" mpaka mgonjwa aogope hata ndizi. Kila chembe ya mwili inatumia sukari, nzima na mbovu, na ukimnyima mtu anayekonda mwili utaitengeneza kutoka kwenye misuli yake. Soda kila saa sio chakula sawa, lakini kijiko cha sukari kinachofanya nusu kikombe kishuke kina kazi yake.

Umefaulu kama: nusu kikombe kinanyweka bila vita, na ukigeuza kijiko uji unaanguka taratibu, haumwagiki kama chai.

## Hatua ya 3: Siku ya sindano

Ale kitu chepesi saa moja au mbili kabla, mkate na chai ya maziwa, au viazi na yai. Asiende na njaa, foleni ni ndefu, na tumbo tupu linaongeza kichefuchefu. Mbebee chakula chenu.

Usimpe chakula anachokipenda kuliko vyote siku hii. Akili inashika: akila samaki wake wa Kalangala akatapika usiku, harufu ya samaki itamgeuza tumbo kwa miezi. Mpe kitu cha kawaida tu.

Alafu uliza jina la dawa, uliandike. Inabadilisha mambo ya chakula:

- Sisplatini inaweza kuumiza figo, kwa hiyo atahimizwa kunywa maji mengi. Fuata kiasi alichoambiwa.
- Oksaliplatini inafanya koo na vidole viumie kwa ubaridi. Siku kadhaa baada ya sindano hakuna maji baridi, hakuna soda ya friji, hakuna barafu. Ushauri wa "mpe vitu vya baridi" utakaousikia kila mahali haumhusu huyu.
- Kapesitabini, vile vidonge, humezwa ndani ya nusu saa baada ya kula. Asipokula kabisa mpigie simu kliniki kabla hajameza.

## Hatua ya 4: Siku ya 2 mpaka ya 5, kichefuchefu

Hapa ndo nyumba nyingi zinagombana, kwa hiyo soma polepole.

Anza na dawa. Ile ya kuzuia kutapika inamezwa kwa saa iliyoandikwa hata kama mgonjwa anajisikia sawa, na kama ni ya kabla ya chakula mpe nusu saa kabla. Kuzuia ni rahisi, kusimamisha mtu aliyeshaanza kutapika ni kazi.

Asubuhi kabla hajainuka mpe kitu kikavu: biskuti isiyo na utamu mwingi, kipande cha mkate, muhogo uliochemshwa. Akae dakika kadhaa ndo ainuke.

Baada ya hapo kila saa mbili kikombe kidogo. Sio sahani. Sahani iliyojaa inamchosha kwa macho kabla hajaonja. Zungusha: uji, viazi vilivyopondwa na samli, wali na maharagwe yaliyopondwa, yai lililochemshwa, bogoya (ndizi mbivu), uji tena. Maji na chai anywe katikati ya chakula na chakula, kidogo kidogo, sio pamoja, tumbo halina nafasi ya vyote.

Harufu ndo adui mkubwa. Sigiri iliyo mlangoni na kitunguu kinachokaanga vinatosha kumaliza hamu ya siku nzima. Pika nje upande upepo unaopeleka mbali, au omba kupikia kwa jirani, na umletee chakula kikiwa kimepoa kidogo, cha moto sana kinanuka zaidi. Yule wa oksaliplatini apewe cha uvuguvugu. Uji wa flaski vilevile, umimine mbali kwanza upoe. Ila ukifungua flaski ukakuta haitoi mvuke tena, mwaga upike mwingine. Wimbi sio ghali kama kulazwa.

Chai ya tangawizi nyepesi inasaidia baadhi ya watu. Kama anameza dawa za kuyeyusha damu au ameambiwa chembe za kugandisha damu ziko chini, aulize kwanza. Baada ya kula akae au aegemee mto saa nzima, asilale chali.

Akitapika usimkimbizie chakula. Pumzisha tumbo nusu saa mpaka saa moja, kisha maji au ORS kijiko kwa kijiko, yakikaa ndo urudi kwenye uji.

Na wageni jameni. Shangazi anatoka Masaka na sinia zima, anasimama juu ya kitanda "kula mwanangu, lazima ule upone", mgonjwa anakula vijiko vinne kwa aibu, anatapika vyote na anaanza kuogopa chakula. Mpokee shangazi kwa heshima zote, sinia lile mle nyinyi mnaomuuguza, mgonjwa aendelee na kikombe chake. Sipendi kabisa hii tabia ya kulisha kwa lazima, mtu mzima akisema "imetosha" imetosha, utarudi baada ya saa mbili.

Hatari: anatapika siku nzima, au hata maji hayakai, au mkojo umekuwa mchache na mweusi. Hiyo ni hospitali, sio ya kuvumilia.

Umefaulu kama: vikombe vidogo 5 au 6 kwa siku vimekaa tumboni. Hata nusu nusu.

## Hatua ya 5: Mdomo, kuanzia siku ya 5 hivi

Usisubiri vidonda vitokee. Kijiko cha chai cha chumvi na kijiko cha chai cha bekingi soda kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Asukutue ateme, kabla na baada ya kula na kabla ya kulala. Tengeneza mpya kila siku. Zile dawa za kusukutua za dukani zenye spiriti zinaunguza, ziache. Mswaki uwe laini.

Vidonda vikitoka chakula kinageuka kinyume cha juzi. Yale makavu yaliyomsaidia siku ya 2 sasa yanamkwaruza, tangawizi inachoma, passion, nanasi, limau, nyanya na pilipili ndo usiseme. Sasa ni vilaini na vya uvuguvugu: matooke yaliyopondwa na maziwa, katogo (ndizi za kupika zilizochemshwa pamoja na mchuzi) la binyebwa ulilosaga na mwiko mpaka likalainika, malenge, avokado, bogoya, supu nzito ya mukene wa unga. Kama aliandikiwa dawa ya maumivu ameze nusu saa kabla ya kula.

Ukiona utando mweupe kwenye ulimi usiukwangue. Unaweza kuwa ni fangasi na una dawa yake, onyesha kliniki.

Wengine mdomo hauumi ila kila kitu kina ladha ya chuma, hasa nyama. Badilisha kijiko kiwe cha plastiki, acha nyama nyekundu kwa muda, tumia mayai, samaki na maharagwe. Kama hana vidonda tone la limau linarudisha ladha.

## Hatua ya 6: Siku ya 7 mpaka ya 14, usafi wa jikoni

Siku hizi mwili hauna askari. Chakula ambacho wewe kingekuharisha asubuhi moja yeye kinaweza kumlaza wodini.

Mayai yaive mpaka kiini kikauke. Maziwa ya mtungi yachemke kweli. Bongo (maziwa yaliyoganda) na mtindi wa nyumbani, eshabwe (mchuzi wa samli), na bushera (kinywaji cha unga wa mtama au wimbi) iliyochachuka viache mpaka siku hizi zipite. Kachumbari hapana, juisi ya barabarani hapana, matunda yaliyokatwa tayari na kufungwa kwenye plastiki hapana kabisa. Matunda ni ya kuosha na kumenya mwenyewe.

Rolex anayoitamani mtengenezee nyumbani, chapati na mayai yaliyokauka, bila kabichi na nyanya mbichi. Nsenene (panzi) vilevile, ukizikaanga mwenyewe zikiwa za leo hazina shida, za kwenye ndoo stendi ya taksi hapana. Chakula kilichokaa nje zaidi ya saa mbili asipewe.

Hatari: joto likifika 38 mchukue hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni saa nane usiku na boda ndo usafiri pekee. Usimpe Panadol kwanza "tuone kama itashuka", utaficha moto wakati nyumba inaungua. Ukifika tu sema yuko kwenye kemo na taja siku ya ngapi.

## Tumbo likivurugika

Hii inaweza kuja siku yoyote.

Kuharisha: ORS kila akitoka choo. Zikiisha, lita moja ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha juu. Wali, viazi, bogoya. Maziwa, maharagwe na dodo (mchicha) vipumzike kwa muda. Ikizidi mara nne kwa siku kuliko kawaida yake, au kuna damu, nenda kliniki.

Choo kigumu: mara nyingi kinaletwa na dawa zenyewe, morfini ya maumivu, vinkristini ya kemo, hata ondansetroni ile ya kuzuia kutapika. Maji, papai, uji wa wimbi, kutembea kidogo, na dawa ya kulainisha aliyoandikiwa. Usimpige bomba, na usimwingize chochote kule nyuma hasa siku nyekundu za kalenda, kidonda kidogo pale kinaingiza vijidudu kwenye damu.

## Hatua ya 7: Siku ya 15 mpaka ya 21, rudisha kilichopotea

Watu wanazembea siku hizi kwa sababu mgonjwa anaonekana mzima. Ndo siku za kazi. Hamu imerudi, mdomo umepona, kwa hiyo sasa matooke na binyebwa, samaki mzima, posho (ugali) na maharagwe, nyama, kuku, dodo na nakati (mboga za majani) zilizopikwa vizuri, na chakula kile anachokipenda mlichokificha siku ya sindano. Milo mitatu ya watu na miwili midogo katikati. Uji mzito ubaki wa kulalia.

Atembee kila siku, hata ni kuzunguka kiwanja tu. Protini bila kutumia misuli haijengi kitu kikubwa.

Siku moja kabla ya kurudi pima kilo, na andika kwenye daftari mambo matatu: alitapika siku zipi, vidonda vilidumu muda gani, alikula nini kikakaa. Mpe daktari asome. Dawa ya kuzuia kutapika inaweza kubadilishwa, lakini kama hausemi anaandika ile ile.

## Miti shamba na mifungo

Majani ya mstafeli, mululuza, aloe vera, chupa za "kusafisha damu" zinazouzwa kwenye mabasi. Sikatai kwamba wazee wetu wanajua mimea. Ila vingine vinapita kwenye ini na figo zile zile zinazotoa kemo, na daktari akikuta vipimo vya ini vimepanda hajui alaumu nini, anasimamisha dozi. Kama tayari anakunywa, taja jina lake kliniki bila kuogopa kukaripiwa. Bitiruti ni chakula kizuri, ichemshe ale, lakini haiongezi damu badala ya kuongezewa damu.

Kufunga: Qurani yenyewe imempa mgonjwa ruhusa, atalipa siku nyingine, na asiyetarajiwa kupona kiasi cha kuweza kufunga ana fidia ya kulisha masikini. Kwa walokole wenye mifungo ya siku tatu kavu, mchungaji aelezwe hali ilivyo, wengi wakielezwa wanaelewa na wanamwombea akiwa anakula. Kama mzee wako anasisitiza kufunga Ramadhani, mpeleke kwa shehe pamoja na kalenda yake ya dozi wakati Shaabani haijaisha, mpange mapema.